Mkono Uliojua Benchi

Osmunda alifunga kifungo cha tatu, kile kilicholegea uzi, huku baba yake ameinua kidevu kama mtu aliyekaa kwa kinyozi. Mzee Benitho Luvanda alikuwa na miaka sitini na tisa, na arobaini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye useremala. Pale mjini Ilongwe, ukigonga mlango wowote wa maana, umegonga kazi yake. Sasa mkono wake wa kulia ulilala juu ya paja, mzima kabisa, wenye joto na vidole vitano na kucha zake, na haukujua hata kifungo cha shati.

"Funga na cha shingoni," mzee alisema. "Mkaguzi asije akatukuta kama walevi."

"Atakukuta umependeza. Tulia, Baba."

Alikuwa akimvalisha hivyo kila asubuhi kwa wiki saba. Mwanzoni mzee alijaribu mwenyewe. Aliusogeza mkono hadi kifuani, vidole vikafika kwenye tundu la kifungo, vikasimama pale kama wageni waliokosea nyumba. Wa kushoto nao ulikuwa mzito, maisha yake yote haukuzoea kazi zaidi ya kushikilia. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili Osmunda alimkuta nyuma ya choo, uso umelowa, akiutukana mkono wake kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. Siku ya tatu alikuja akasimama mbele ya binti yake, akainua kidevu, na tangu hapo hawakulizungumza tena.

Nje ukungu ulikuwa bado umekalia mipaini. Ng'ambo ya njia ilisimama nyumba ya kina Mkini, haina paa wala madirisha. Mashine ya kina Mkini ilishindwa ukaguzi mwezi wa nne. Walipewa siku mbili, wakapakiwa kwenye lori pamoja na kuku wao, wakashushwa Bondeni, kwenye mabanda ya bati yaliyopangwa mistari kwa mistari katika joto lisilopoa hata alfajiri. Wazee wa huku juu hawadumu kule. Mzee Mkini alidumu wiki tisa.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, na sheria fupi ndizo huwa na meno. Kitu kilichokatwa kwa mkono wa mtu hakiuzwi wala hakitumiki, kwa kuwa mkono huteleza. Kila kaya iwe na mashine yake ya kukatia, na mashine hiyo ifaulu mtihani wa Idara ya Ufundi Salama. Kaya isiyo na mashine iliyofaulu ni kaya isiyozalisha, na kaya isiyozalisha haina haja ya kiwanja. Kiwanja cha kina Luvanda kilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, karakana ya mabanzi, na nyuma ya jiko kaburi la mama yake Osmunda, ambalo mzee alilisalimia kila asubuhi kabla ya chai.

"Leo hujamsalimia mama," Osmunda alimkumbusha.

"Nitamsalimia tukishafaulu. Sitaki kumpelekea maneno nusu."

*

Kujenga mashine si ajabu yoyote, na Osmunda alipenda kuwaambia hivyo majirani waliomtazama kama mchawi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa mashine za kuchapisha kwenye duka la steshenari, kwa hiyo mota alikuwa nazo. Alizitoa tatu kwenye mashine kuukuu: ya kusukuma mbele na nyuma, ya kushoto na kulia, ya juu na chini. Reli alizing'oa kwenye kabati la jikoni. Vile vyuma vinavyotelezesha droo, ukivipaka grisi na kuvifunga viwili viwili, hubeba uzito usioutegemea. Mota zilizungusha vyuma virefu vyenye nyuzi za skrubu, vyuma vikasukuma daraja la mbao, na kwenye daraja alifunga ruta ya mkono ya baba yake, ile ya kuchongea kingo. Vifaa vyake vilikuwa msumeno, drili, bisibisi, tupa na skwea. Gundi alichemsha mwenyewe.

Kitanda cha mashine, yaani pale ubao unapolazwa ukakatwa, alikitengeneza kwa benchi la kazi la baba yake.

Lilikuwa benchi la mninga, lilitoka kwa babu, limekolea jasho na gundi ya watu wawili. Na lilikuwa limepinda. Mguu mmoja ulizama zamani, sakafu ya karakana ilipokuwa bado ya udongo, na katikati palibonyea kwa nyundo za miaka yote hiyo.

"Usilipasue," mzee alimwambia. "Jenga mashine juu yake hivyo hivyo lilivyo."

"Limepinda, Baba. Mashine haitaki mazoea, inataka pembe."

Akalipasua. Akaziranda mbao zake mpaka zikalala kama maji kwenye beseni, akaziunga upya. Pembe alizipima kwa tatu-nne-tano, kama waashi wanavyofanya: unaweka alama sentimita thelathini upande huu, arobaini upande ule, na kutoka alama hadi alama lazima iwe hamsini kamili. Alipima mara saba. Ilikuwa hamsini mara zote saba, na Osmunda alilala usingizi mzuri kuliko ule wa siku nyingi.

Kilichobaki kueleza ni bongo. Idara iliipa kila kaya bongo moja tu, donge la kijivu ndani ya mkebe, ukubwa wa andazi, lenye kutetemeka ukilisogelea. Bongo ndilo huziongoza mota, lakini huja tupu. Hujazwa kwa mkono wa fundi. Fundi huvaa mfuko laini unaofika kiwikoni, hufanya kazi yake kwa saa moja, na kila ulichokijua mkono wake huhamia kwenye donge, hakirudi. Idara huuita uhamisho wa stadi. Mitaani watu husema kukamuliwa. Idara ni ya waungwana, haimkati mtu kitu. Unaondoka na mkono wako umening'inia begani kama ulivyokuja nao.

Mzee alikamuliwa kwenye benchi lake, siku tatu kabla halijapasuliwa. Asubuhi donge lilipoletwa aliuliza, "Tutoe wa nani?"

Osmunda alijibu kabla baba yake hajafunga mdomo. "Wako. Wangu haujui kitu. Hukuufundisha."

Alikuwa na miaka kumi na moja alipoiba randa ya baba yake akajaribu kulainisha kipande cha paini. Mzee alimkuta. Aliichukua randa bila ukali, akampa ufagio. "Mkono wa kike ni wa kufagia maranda," alimwambia, na Osmunda akafagia maranda ya karakana ile miaka tisa mizima, mpaka alipopata kazi ya steshenari. Alipomjibu baba yake siku ile aliona raha, raha tamu na chafu, naye alijua vizuri ilikotoka. Mzee hakubishana. Aliunyoosha mkono.

Visu vya ruta hukaa kwa mkaguzi, kaya hairuhusiwi kuwa navyo kabla ya mtihani. Kwa hiyo kila alasiri Osmunda aliiwasha mashine ikakata hewa. Na mara ya kwanza tu ikafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Kabla ya kuanza mkato ilishuka, ikagonga kitanda mara mbili, ko, ko, kisha ndipo ikaondoka. Mzee Benitho alikuwa akigonga ubao hivyo kwa kifundo cha kidole tangu ujana wake, kusikiliza kama ndani umeoza. Aliposikia mlio ule alikaa kwenye gogo la pembeni, akafumba macho.

"Naam," alisema. "Mimi huyo."

Hakukosa alasiri hata moja baada ya hapo. Mtaani kulikuwa na uvumi kwamba Idara inatafuta namna ya kuirudisha mikono kutoka kwenye mabongo, pengine baada ya miaka mitano. Mzee aliushikilia uvumi huo kwa nguvu zote alizobaki nazo. "Nitakuwa na sabini na nne," alikuwa akisema. "Mtu wa sabini na nne bado anaranda."

Kijitabu cha Idara, ukurasa wa tisa, kilikuwa na ushauri mdogo: pale pa kisu funga penseli, tandaza karatasi, uone mashine yako inachora nini. Osmunda aliusoma ukurasa huo, akaufunua ukurasa wa kumi. Alikuwa amepima mara saba.

*

Mkaguzi aliingia saa tatu asubuhi. Aliitwa Twilumba Chaula, mwanamke mnene wa makamo, mwenye buti safi na sauti ya upole kama ya muuguzi.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Karibu, pita."

Bi Twilumba alipita. Aliutazama mkono uliolala pajani, akaitazama mashine, akaizunguka mara moja huku akigusa boli kwa ncha ya kalamu. Kisha alilaza ubao wa paini kitandani, akatoa kisu kwenye kijisanduku chenye kufuli, akakifunga mwenyewe.

"Mraba wa sentimita thelathini, na duara ndani yake," alisema. "Ulalo huu na ulalo ule, pembe hadi pembe, zisipishane zaidi ya milimita moja. Anzisha, dada."

Mashine ilishuka. Ko, ko. Safari hii kisu kilikuwa kinazunguka, na kila kugonga kukaacha kovu juu ya ubao. Bi Twilumba aliinama, akaandika. Halafu kisu kikazama, kikaondoka kwa mwendo mtulivu, usiosita, mwendo wa mtu ambaye hana wasiwasi na kazi. Maranda yakaruka, harufu ya utomvu ikajaa karakana, na mzee kwenye gogo lake alitabasamu mpaka mwanya ukaonekana. Hata Osmunda, pamoja na chuki yake ndogo aliyoitunza miaka ishirini na saba, alijikuta amejivuna.

Bi Twilumba alipuliza vumbi. Akanyoosha futi kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine hadi nyingine.

"Arobaini na mbili nukta tisa," alisema. "Na hapa arobaini na moja nukta tisa. Sentimita nzima. Huu si mraba, dada. Huu ni mraba uliolala."

"Haiwezekani."

"Pima."

Osmunda alipima kazi, akakuta vilevile. Akaiacha, akapima kitanda. Thelathini, arobaini, hamsini kamili, mara ya nane. Alisimama na futi kamba mkononi, na taratibu akaelewa, na kuelewa huko kulimshuka mgongoni kama maji ya kisima. Mashine ilikuwa sawa. Baba yake alikata milango iliyonyooka kwa miaka arobaini na sita juu ya benchi lililopinda, na mkono wake ulikuwa umejifunza kuvuta kidogo hapa, kunyanyua kidogo pale, bila mwenyewe kuwa na habari. Yote hayo yalikamuliwa pamoja na ufundi. Sasa mkono ulikuwa unaendelea kulisahihisha benchi ambalo yeye Osmunda alilipasua.

Angefunga penseli siku ya kwanza, angeyaona haya kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

"Mna mpaka saa tisa," Bi Twilumba alisema. "Nitakula chakula changu garini. Na kule kugonga, kunatia alama kwenye kazi. Nako ni kasoro, nimeandika."

*

Osmunda hakuwa mjinga, na kwa saa tatu alifanya kila ambacho mtu asiye mjinga angefanya. Alilegeza boli nne za daraja, akalisukuma upande, akapigilia kabari. Akafunga penseli pale pa kisu. Mashine ikachora mraba safi, na ndani ya mraba ikachora yai. Benchi lilibonyea katikati, kwa hiyo mkono ulipofika katikati ulikuwa ukinyanyua na kuvuta kwa namna nyingine kabisa. Akaweka tabaka za boksi chini ya kitanda. Duara likakaa vizuri, mraba ukalala tena. Akapunguza boksi, akazidisha kabari. Kufikia saa sita alikuwa na karatasi kumi na moja sakafuni na hakuna hata moja iliyokuwa na vyote viwili.

"Baba," alisema, amepiga magoti kati ya karatasi. "Benchi lilipinda vipi? Kuelekea mlangoni, au kuelekea kwenye jiliwa ya kubania? Kwa kiasi gani?"

Mzee alitaka kumsaidia, ilionekana usoni. Alisimama, akaenda pale benchi lilipokuwa likisimama zamani, akaunyoosha mkono wa kulia hewani. Akausubiri umwambie. Aliusubiri muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbovu.

"Mimi sikuwahi kujua," alisema mwishowe. "Aliyekuwa anajua ni huyo." Akaionyesha mashine kwa kidevu.

Saa saba Bi Twilumba alirudi akifuta vidole kwa kitambaa. Alizitazama karatasi za sakafuni, akafikia hitimisho ambalo Osmunda alikuwa akilikimbia tangu asubuhi.

"Kukamua upya kunaruhusiwa," alisema. "Bongo halikatai."

"Chukueni wa kushoto," mzee alisema papo hapo, akaunyoosha. Ni mkono huo aliokuwa akilia chakula.

Bi Twilumba alitikisa kichwa. "Huo ulishikilia mbao kwenye benchi lile lile, mzee. Utaleta yaleyale." Kisha alimgeukia Osmunda, akamtazama mkono kabla ya uso. "Wako umejenga kitanda hiki. Umekipima mara ngapi sijui, unakijua. Kwa mraba na duara unatosha."

Mzee aliuliza, "Akikamuliwa yeye, wangu unakaa wapi?"

Osmunda aliujua ukurasa wa kumi na nne. Bongo lina nafasi ya mkono mmoja. Mpya ukiingia, wa zamani hufutika, na hakuna Idara wala daktari atakayeurudisha mwaka wa tano wala wa hamsini. Aliujua na wa kumi na tano. Kaya ikishindwa, bongo lililotumika hubaki mali yake. Wangeweza kuteremka Bondeni na ule mkebe, na mkono wa mzee Benitho Luvanda ukiwa ndani, wote, pamoja na kugonga kwake.

Alimjua baba yake pia. Akimwambia kweli, mzee atachagua mkebe. Ataliacha kaburi, ataiacha hewa ya baridi iliyokuwa ikimweka hai, atakaa kwenye banda la bati amelikumbatia kopo lake akihesabu miaka mitano, na katika wiki ya tisa watamzika na hesabu yake. Na akimnyima kweli, atakuwa ameua sehemu ile tu ya nafsi yake ambayo mzee mwenyewe aliipenda. Kwa muda wa pumzi mbili tatu Osmunda alitafuta njia ya tatu. Hakuiona, na kwa kweli hakuitafuta sana.

"Unakaa chini ya wangu," alisema. "Kama mbao mbili kwenye rafu moja."

Bi Twilumba alifungua kinywa. Akamtazama mzee, akamtazama binti, akakifunga. Akaenda garini kuleta mfuko.

*

Mfuko ulikuwa na joto ndani, kama mdomo wa ndama. Osmunda aliuvuta hadi kiwikoni, ukamshika. Waya wake uliishia kwenye mkebe, na ndani ya mkebe lile donge likaanza kutetemeka.

Alikuwa ameifungua ruta kutoka kwenye daraja, ameishika kwa mkono. Ubao mpya ulikuwa kitandani, umechorwa mraba na duara kwa penseli. Alikuwa na saa moja. Alikumbuka mambo ya kijinga: ladha ya chumvi akila embe bichi, jinsi anavyokunja karatasi iliyokwama kwenye mashine ya kuchapisha, namna ya kusuka nywele za mtoto wa dada yake. Hakujua yapi kati ya hayo yanakaa kichwani na yapi yanakaa mkononi. Kesho angejua.

Akaishusha ruta.

"Gonga kwanza, mwanangu," mzee alisema kutoka kwenye gogo.

Alisema kwa upole, kama fundi na mwanafunzi wake. Katika miaka thelathini na minane ya maisha yake Osmunda hakuwahi kufundishwa na baba yake jambo lolote ndani ya karakana ile, na hili lilikuwa la kwanza. Lilikuwa jambo jepesi. Angegonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, bongo lingekishika kile kitendo, na kila alasiri mzee angeketi pale, afumbe macho, aseme ni yeye huyo. Angeishi na uongo huo mpaka anaingia kaburini, na ungemtosha.

Osmunda alikunja kidole. Kidole kilikaribia ubao. Hapo akaliona lile fagio, fagio la chelewa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na maranda ya miaka tisa.

Akakizamisha kisu moja kwa moja.

Angeweza kusema ni kwa sababu mkaguzi ameandika kwamba kugonga ni kasoro. Haikuwa kwa sababu hiyo, na alilijua hilo wakati uleule, kisu kikiwa bado kinaingia. Alitamani kurudi nyuma. Lakini kisu kilikuwa kimeshashika njia, na mkono ulikuwa tayari unaanza kuwa mwepesi, kuanzia kwenye kucha.

*

Saa tisa kasoro robo Bi Twilumba aliirudisha ruta kwenye daraja, akalaza ubao wa mwisho, akaiwasha mashine mwenyewe kwa kuwa Osmunda alikuwa ameshindwa kubonyeza swichi.

Mashine ilishuka, ikakata. Haikugonga. Mzee aliinua kichwa. Alidhani labda imesahau upande wa kwanza, akasubiri wa pili. Kisha wa tatu. Mraba uliisha, duara likaisha, kisu kikapanda juu kikanyamaza.

"Arobaini na mbili nukta nne," Bi Twilumba alisoma. "Na arobaini na mbili nukta nne. Duara zuri. Hongereni." Alipigilia bamba dogo la bati mlangoni, lenye maandishi mekundu: KAYA INAYOZALISHA. Nyumba ilikuwa yao, na kaburi, na ukungu wote ule.

"Haijagonga," mzee alisema. "Osmunda, iwashe tena. Wangu si uko chini ya wako? Labda umelala."

Bi Twilumba alikuwa akikifungia kisu chake kwenye kijisanduku, na alijibu yeye, kwa sauti ileile ya muuguzi, kwa sababu alikuwa na kaya nyingine mbili kabla ya jioni na hakupenda mambo yaachwe yananing'inia.

"Umefutika, mzee. Bongo lina nafasi moja. Kijitabu kinasema, na binti yako amekisoma. Basi, mbaki salama."

Gari lilinguruma, likateremka kilima. Mzee Benitho alikaa kwenye gogo mpaka mlio wake ukaisha kabisa. Osmunda alisimama akimsubiri amtukane. Alitaka atukanwe. Alitaka hata apigwe, kwa ule mkono wa kushoto, angalau kofi moja.

Mzee aliinuka. Alikwenda kwenye kitanda cha mashine, akauchukua ubao, akaupeleka penye mwanga wa mlango. Akapitisha dole gumba la kushoto kwenye ukingo mmoja, akaligeuza pembeni, akapitisha kwenye mwingine, pande zote nne. Halafu akalizungusha dole ndani ya duara, polepole, mzunguko mzima. Hakukuta mahali pa kulaumu. Alikagua kazi za watu maisha yake yote na Osmunda aliufahamu uso ule, ingawa hakuwahi kuuona ukiangalia kitu chake.

"Mkono kama huu," alisema, "ningeufundisha."

Akaulaza ubao chini. Upepo wa alasiri uliingia mlangoni na kuliinua shati lake. Kile kifungo cha tatu kilikuwa kimefunguka, na viwili vya chini yake pia.

"Nifunge," alisema. "Baridi inaingia. Nikamsalimie mama yako."

Akasimama mbele ya binti yake, akainua kidevu. Osmunda aliunyanyua mkono wa kulia, akausogeza hadi kifuani kwa baba yake. Vidole vilifika kwenye tundu la kifungo, vikasimama pale.